Kinyesi cha kipunji: vinasaba vinaweza kusema kama ushoroba wa Bujingijila unapitika?

MsituMvua_Tukuyu

Wadau, salaam. Kuna andiko la mradi linaandaliwa huku Rungwe na sehemu ya vinasaba imeangukia kwangu. Tunataka kujua kama kipunji (tumbili adimu wa misitu ya milimani) wa Mlima Rungwe na wale wa msitu wa Livingstone, ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, bado wanachangamana kupitia Bujingijila, ushoroba unaounganisha misitu hiyo miwili, au kila upande umeshakuwa kisiwa. Kamera za mitegoni zinaonyesha mnyama kapita, lakini kupita si kuzaa, na wanaotoa fedha za kurudisha miti wanataka kujua hilo la pili.

Mpango wa sasa ni kuokota sampuli 60 za kinyesi zilizotawanyika msitu mzima, kusoma kipande cha mitokondria (vinasaba vilivyo nje ya kiini cha seli), halafu kupima Fst, yaani kiasi cha tofauti ya vinasaba kati ya pande mbili. Mwenzetu mmoja anasema huo ni utaratibu wa kizamani, tusome jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, ya kila sampuli. Kabla hatujanunua chochote naomba wenye ujuzi mtuambie: tupime nini hasa, sampuli ngapi na kutoka wapi, na kinyesi kihifadhiwe vipi kwenye msitu ambao ukungu hauondoki?

La pembeni, lakini linarudi kwenye kila kikao: wale wachache wa Ndundulu kule Udzungwa, kuwapelekea wenzao kutoka Rungwe kutawasaidia kivinasaba?

Nasaba_Nyanda

Mkuu, kabla ya chupa na mashine tuangalie swali lenyewe, kwa sababu mpango huo utakujibu jambo ambalo hukuuliza.

Mitokondria hurithiwa kwa mama pekee. Kwa nyani wa manjano, ambao ni jamaa wa karibu wa kipunji, majike hubaki kwenye kundi walikozaliwa na madume ndio wanaohama. Kama kipunji nao wako hivyo, dume anaweza kuvuka Bujingijila, akazaa watoto kumi upande wa pili, na mitokondria yake ikaishia kwake. Utaona pande mbili zimeachana, utaandika kwamba ushoroba umekufa, kumbe unapitika.

Halafu kuna mtego ambao ni wa kipunji hasa. Alipotangazwa mwaka 2005 aliwekwa kwenye jenasi Lophocebus. Mwaka 2006, baada ya mmoja kukutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima huko Mlima Rungwe na mwili wake kuchunguzwa, alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa kuwa vinasaba vilimweka karibu na nyani. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mitokondria ya kipunji wa Rungwe inaangukia ndani kabisa ya ukoo wa nyani wa manjano. Mwaka uliofuata ikasomwa ya Ndundulu, na yenyewe ikakaa pembeni, kama dada wa ukoo wote wa nyani. Maelezo yanayoshika ni kwamba zamani kipunji wa upande wetu walizaana na nyani, na mitokondria ya majike wa nyani ikaingia ikabaki. Matokeo yake kwenye kazi yako ni haya: ukilinganisha mfuatano wa mitokondria ya kinyesi cha Rungwe na hifadhidata ya kimataifa, unaweza kurudishiwa jina Papio, na msaidizi asiyejua historia hii atatupa sampuli nzuri akidhani imeokotwa ya nyani. Spishi ihakikiwe kwa jeni za kwenye kiini cha seli.

Sasa Fst. Kipimo hiki kinabeba historia ya vizazi vingi, na wewe unauliza habari za leo. Chukua makundi mawili ambayo kila moja lina idadi fanisi ya wazazi 200 (wanaochangia kweli kizazi kijacho). Yatenganishe kabisa, asivuke hata mmoja, kwa vizazi 5. Fst ya jeni za kiini itakuwa imefika kama 0.012 tu; ya mitokondria hupanda haraka zaidi, lakini kwa kipande kifupi na sampuli 60 nayo ni vigumu kuitofautisha na bahati nasibu. Ni hivyohivyo kwa upande wa pili: miti ikirudi na wanyama wakaanza kupita mwaka huu, Fst haitashuka mwaka kesho. Hata ile njia ya kumtambua mgeni kwa kuangalia anafanana na upande gani inataka pande ziwe zimeshatofautiana, na hapa huenda hazijatofautiana.

Kinachosema habari za sasa ni undugu wa karibu. Mama yuko upande wa Rungwe, mwanawe wa kiume yuko Livingstone: huyo amevuka, hakuna ubishi. Mjukuu wa bibi wa upande wa pili: aliyevuka amezaa, na ndilo jibu unalolitafuta.

Hapo ndipo kutawanya sampuli msitu mzima kunapokuharibia. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilitoa kipunji 1,042 katika makundi 34 kwa Rungwe na Livingstone. Sampuli 60, hata kama zote ni za wanyama tofauti, ni kama asilimia 6. Ili umkamate mama na mwanawe aliyehama, lazima wote wawili wawe kwenye sampuli: 0.06 mara 0.06, chini ya nafasi 4 katika 1,000. Badala yake chagua makundi mawili yaliyo karibu zaidi na ushoroba kila upande. Kwa wastani wa wanyama 30 kwa kundi hao ni 120. Ukipata asilimia 60 yao, nafasi ya kuwa na wote wawili inapanda hadi asilimia 36. Kwa kuwa mnyama mmoja ataokotwa zaidi ya mara moja, unahitaji kama sampuli 110 zilizosomeka ili upate wanyama 72 tofauti. Theluthi moja ya vinyesi ikifeli maabara, okota 165. Fedha zinaongezeka kidogo, jibu linabadilika kabisa.

Kamwene_Iringa

Kamwene wadau. Nakubaliana na Nasaba kuhusu wapi pa kuokota. Mimi niongelee kinyesi chenyewe, maana kazi nyingi za aina hii hufia msituni kabla hazijafika maabara.

Vinasaba vya mnyama haviko ndani ya kinyesi. Viko kwenye utando mwembamba wa ute uliokwanguliwa ukutani mwa utumbo, nao unakaa juu ya ngozi ya nje. Ndani kuna majani, matunda na bakteria. Kwa hiyo mvua ndiyo adui yako mkubwa kuliko joto: manyunyu ya nusu saa yanaosha kile ulichokifuata na kukuachia mbolea. Baridi ya Rungwe kwa kweli inakusaidia. Fanya kazi Juni hadi Oktoba, okota asubuhi chini ya miti walikolala, na kama kinyesi hakina mng'ao wa ute juu yake kiache.

Hatua mbili za kuhifadhi zimejaribiwa kwa nyani na sokwe na zinafaa bila jokofu. Weka kama gramu 5, nyingi ziwe za tabaka la nje, kwenye chupa ya mililita 50 yenye mililita 30 za ethanoli ya asilimia 96 au zaidi. Iache saa 24 hadi 36. Mwaga ethanoli, hamishia kinyesi kwenye chupa nyingine yenye kama gramu 20 za chembe za silika, weka karatasi ya chujio katikati, funga. Ethanoli inaua vimeng'enya na bakteria wanaokata vinasaba, silika inamalizia kunyonya maji. Ukiruka hatua ya kwanza, kinyesi kibichi kinazidi uwezo wa silika na kinaota ukungu ndani ya chupa. Tumia silika inayobadilika rangi, na ikigeuka siku ya pili ibadilishe, usisubiri kambi ivunjwe.

Spiriti ya kusafishia vidonda usiitumie. Ni asilimia 70, ukijumlisha maji ya kinyesi inashuka zaidi, na vinasaba vinaendelea kukatika.

Lebo: wino wa kalamu nyingi, hata zile zinazoitwa za kudumu, huyeyuka ethanoli ikivuja. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu kiingie ndani ya chupa, na namba hiyohiyo uichore nje. Kila kinyesi kitoe chupa mbili, A na B, zisafiri kwenye masanduku tofauti. Andika GPS, mwinuko, saa, kundi, na umbali kutoka kinyesi kilicho jirani, kwa sababu vidonge viwili vilivyo hatua moja mara nyingi ni vya mnyama mmoja.

Kwenye miti hiyohiyo kuna kima na mbega. Usitegemee macho kutofautisha kinyesi cha kima na cha kipunji mdogo. Na binadamu naye ni jamaa yao: vianzio vingi vya PCR (njia ya maabara ya kunakili vinasaba) vilivyotengenezwa kwa nyani vinakubali vinasaba vya mtu bila shida. Glovu mpya kwa kila sampuli, barakoa, kijiti kipya, na kila siku chupa moja tupu iliyofunguliwa na kufungwa msituni kama nyingine. Chupa hiyo ikitoa matokeo maabara, sampuli za siku hiyo zote zina walakini. Barakoa pia ni kwa ajili yao, mafua yetu yanawaambukiza.

Kikokotoo_Moro

Niongeze ya maabara, na mahali pamoja nitampinga Nasaba.

Kuhusu jenomu nzima kwa kila kinyesi, fanyeni hesabu kwanza. Jenomu ya jamii hii ina herufi karibu bilioni 3. Kwenye kinyesi, vinasaba vya mnyama mwenyewe mara nyingi ni asilimia chache tu, vingine vyote ni bakteria na chakula. Tuseme asilimia 2. Ili usome jenomu mara moja tu kwa wastani unalipia herufi bilioni 150, na bilioni 147 kati ya hizo unazitupa. Kuna njia ya kuchuja inayotumia tofauti ya umethilishaji (alama za kikemikali juu ya vinasaba) kati ya vinasaba vya mnyama na vya bakteria, ilijaribiwa kwa nyani na kuchapishwa mwaka 2018. Ikikupandisha hadi asilimia 20, hesabu inashuka hadi bilioni 15. Bado ni nyingi mno kwa sampuli 165, wakati swali lako ni nani mama wa nani.

Kwa undugu tengenezeni orodha ya SNP (sehemu za vinasaba zinazotofautiana kwa herufi moja) 200 hadi 300, zile ambazo herufi zote mbili zimeenea kwenye kundi, na zisomwe kwa PCR ya pamoja. Vipande viwe vifupi, chini ya herufi 150, kwa sababu vinasaba vya kinyesi vimekatikakatika. Orodha hiyo inatokana na jenomu za wanyama 8 hadi 10 zilizosomwa vizuri, na lazima watoke pande zote mbili. Ukizichagua kwa wanyama wa Rungwe pekee, wa Livingstone wataonekana maskini wa vinasaba kuliko walivyo, na kosa hilo ni gumu kulirekebisha kwa takwimu baadaye.

Kosa linaloua uchambuzi wa undugu kwenye kinyesi ni aleli moja, yaani moja ya nakala mbili za baba na mama, kudondoka. Mnyama ana A na G, vinasaba ni vichache, PCR inanasa A peke yake, mashine inaandika A na A. Mama mwenye G na G atakataliwa kuwa mama. Pimeni kwanza kiasi cha vinasaba vya mnyama kwa PCR ya kupima kiasi. Sampuli yenye pikogramu 200 au zaidi kwa mmenyuko haina shida sana. Iliyo chini ya 25 iacheni, mtatumia fedha nyingi kuliko thamani yake. Zilizo katikati zirudiwe, na jibu la aleli moja lisikubaliwe mpaka litoke lilelile mara tatu au nne. Na kwenye uchambuzi msikatae uzazi kwa kutolingana kwa SNP moja. Ruhusuni makosa machache kulingana na kiwango mlichokipima wenyewe kwenye chupa A na B za kinyesi kimoja.

PCR ikigoma ilhali vinasaba vipo, mara nyingi ni kemikali za majani zilizobaki. Zimueni mara 5 hadi 10 au ongezeni albumini ya ng'ombe kabla hamjasema sampuli imefeli.

Sasa ninapompinga ndugu yangu: msiache mitokondria. Peke yake inapotosha, hilo kweli, lakini ni rahisi, inasomeka hata sampuli ikiwa mbovu, na ukiiweka sambamba na alama za kromosomu Y, inayorithiwa kwa baba, inakuambia nani anahama. Mitokondria imegawanyika kwa pande na Y imechanganyika: madume wanavuka. Vyote vimegawanyika: hapo ndipo pa kuogopa.

Nasaba_Nyanda

Mkuu Kikokotoo, kwenye mitokondria pamoja na Y nakubali, na SNP chache za Y ziingie kwenye orodha hiyohiyo, zitawapa na jinsia bila gharama ya pili.

MsituMvua_Tukuyu

Ndaga fijo wadau. Mpango wa kutawanya tunaufuta. Mawili yamebaki. Hizo jenomu 8 hadi 10 nzuri tutazipata wapi bila kumkamata mnyama hata mmoja? Na Ndundulu?

Udzungwa_Kusini

La kwanza: mizoga. Wanakufa kwenye mitego ya nyaya, mbwa wanawaua mashambani, wengine wanakutwa wamekufa tu. Wapeni askari wa doria wa pande zote vichupa vya mililita 2 vilivyojazwa tayari. Kipande cha msuli au sikio kisizidi nusu sentimita kila upande, maana kikiwa kikubwa ethanoli haifiki katikati na kinaoza kwa ndani. Kama ethanoli inaleta shida kusafirisha, mchanganyiko wa DMSO asilimia 20 na EDTA ulioshibishwa chumvi haushiki moto na unatunza nyama kwa miezi kwenye joto la kawaida. Pungufu litakalobaki, chagueni vile vinyesi vichache vilivyotoa vinasaba vingi kuliko vyote, hivyo ndivyo vichujwe na kusomwa kwa kina. Mkilenga kusoma historia ya idadi yao ya kale kutoka jenomu moja, ikisomwa chini ya mara 18 kwa wastani matokeo hayaaminiki. Jenomu rejea ya nyani inafaa kupangia vipande vilivyosomwa, ila kumbukeni kwamba inavuta usomaji kuelekea kwa nyani. Mkitaka kupima damu ya nyani ndani ya kipunji, pangeni upya juu ya jenomu ya spishi iliyo mbali sawasawa na wote wawili, kama tumbili rhesus wa Asia, mlinganishe.

La Ndundulu linahitaji utulivu. Hesabu ile ya 2008 iliwapa wanyama 75 katika makundi manne. Kama wanaozaa kwa ufanisi ni 25 tu, kila kizazi kinapoteza asilimia 2 ya utofauti wake. Hofu ipo, na ni ya haki. Pia kuna mfano unaotajwa kila mara, wa puma wa Florida: mwaka 1995 waliletwa majike 8 kutoka Texas, watoto wakawa na afya na idadi ikapanda. Lakini puma wale walikuwa wakichangamana na majirani zao mpaka karne chache zilizopita. Rungwe na Ndundulu ziko umbali wa kama kilomita 350, wa Ndundulu wanaishi mwinuko wa chini, takribani mita 1,300 hadi 1,750, wa Rungwe na Livingstone wanafika 2,450, na upande mmoja una urithi wa nyani ambao mwingine hauonyeshi. Ukiwachanganya huwezi kuwachambua tena.

Jenomu zijibu mambo mawili kabla mtu hajataja sanduku la kusafirishia. Pande hizi ziliachana lini, na je, wa Ndundulu wanaumia kweli kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu? Hilo la pili linaonekana kwenye vipande vya kromosomu ambavyo nakala ya baba na ya mama ni ileile. Vikiwa virefu, zaidi ya herufi milioni 10, wazazi walikuwa na babu mmoja vizazi vichache tu nyuma. Vikiwa vingi lakini vifupi, udogo wao ni wa kale na huenda walishauzoea, na hapo fedha ziende kulinda msitu na kutoa mitego.

Ninachoomba kifanyike hata kama hakuna anayehama: wekeni akiba ya nyama na vinasaba vya Ndundulu sasa. Kihansi, kwenye milima hiyohiyo, chura wa maporomoko alitoweka porini na kilichobaki cha jeni zake kilikuwa uzao wa chura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, nao walishuka hadi chini ya 70 kabla hawajaongezeka tena. Chochote kilichopotea pale hakikuwa kimehifadhiwa mahali pengine. Kwa tembo, kinyume chake, kinyesi kilikuwa kimeshakusanywa Afrika nzima, ndiyo maana utafiti wa 2015 uliweza kuchukua pembe zilizokamatwa bandarini na kuonyesha zimetoka Selous na Niassa, kisha ujangili ukasogea kuelekea Ruaha na Rungwa.

Kamwene_Iringa

Vibali visisahaulike, vinakula muda kuliko maabara. COSTECH na TAWIRI kwa utafiti, TFS kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, TANAPA kwa Kitulo. Ombeni vyote kwa pamoja, kwa sababu kuwa na upande mmoja tu wa ushoroba ni kukosa utafiti. Kinyesi kilichookotwa bila kumgusa mnyama CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) haikihesabu, lakini nyama ya mzoga inahitaji kibali chake kwa kuwa nyani na kima wote duniani wamo kwenye orodha zake, na sheria za nchi za kusafirisha sampuli na mkataba wa kuhamisha vielelezo vinahusu vyote viwili. Mkataba useme wazi nani anatunza chupa B. Mimi ningeziacha zote nchini.

Na kabla ya msimu kamili, okoteni 20 za majaribio kutoka kundi moja linalojulikana, mzipime zikiwa na wiki moja na tena zikiwa na wiki nane. Zile zilizoshuka chini ya pikogramu 25 mzifuatilie kwenye daftari: kama ni za asubuhi zenye manyunyu, mbadilishe saa ya kuokota, na kama ni za mtu mmoja, mfundisheni upya kukwangua.